Mpira wa Maji wa Akina Pilbeam

Kijikaratasi kilitumbukizwa kwenye tundu la barua Jumanne asubuhi, Hazel Pilbeam akiwa bado nje anakunja mpira wa kumwagilia maji. Alipoingia kujifuta miguu alikikuta kwenye mkeka wa mlangoni, kimekunjwa mara mbili, hakina bahasha. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa: SISI WENGINE TUNABEBA MAKOPO. HAMWONI HAYA?

Alikisoma amesimama, akakisoma tena, halafu akakipeleka jikoni. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kujifunza kumficha mumewe barua.

Malcolm alikuwa mezani, ameukalia mkono wake wa kulia. Ndivyo alivyokaa siku hizi. Mkono ukibanwa na paja hautetemeki sana, na hata ukitetemeka hakuna anayeuona. Alikisoma kile kijikaratasi bila kukigusa.

"Kumbe," alisema. "Ameandika kwa mkono wa kushoto ili asijulikane."

"Nani?"

"Itazame hiyo K. Mguu wake unarushwa nje kama unampiga mtu teke. Huyo ni Pauline. Kila mwaka naiona K hiyo kwenye chupa zake za jamu."

Hazel hakubisha. Malcolm alikuwa ameandika kwa brashi vibao vya maduka na baa za wilaya nzima, na herufi za watu alizitambua kama wengine wanavyotambua sauti.

"Pauline wa ng'ambo ya barabara? Pauline aliyekaa nami hospitalini siku tatu?"

"Unamjua mwingine?"

Hazel akavuta kiti akaketi. Pale kijijini Pellingfold watu hawagongi mlango kukuuliza kuna nini. Wanaona huko ni kuingilia mambo ya mtu. Wanaandika kijikaratasi, na wanakileta wakijua uko bustanini.

"Naenda kumwambia," alisema. "Dakika mbili tu, Mal. Namwambia daktari alichosema mwezi wa pili, namwonyesha ile kadi ya buluu, yamekwisha."

"Uliniahidi."

"Niliahidi kabla sijaitwa mtu asiyeona haya."

"Sitaki kutazamwa, Hazel."

"Kutazamwa vipi?"

"Unajua vipi. Unamkumbuka Arthur, fundi wa mashine za kukatia nyasi? Walipojua ana kansa hakuna aliyebishana naye tena. Kila alichosema, 'Ndiyo, Arthur. Sawa, Arthur.' Mtu aliyekuwa akigombana na baa nzima! Walimzika miezi sita kabla ya mazishi."

Hazel alikikunja kijikaratasi akakiweka chini ya mkebe wa biskuti. Kisha akamkatia mumewe mkate wa kukaanga vipande vidogo, kama ilivyokuwa desturi yao sasa, akamsogezea sahani.

Ilikuwa wiki ya saba bila mvua. Nyasi za uwanja wa kriketi zilikuwa na rangi ya ngano, na bwawa la wilaya lilionyesha ukuta wa shamba la zamani ambao hakuna aliyewahi kuuona. Kampuni ya maji ilikuwa imepiga marufuku mipira ya kumwagilia tangu wiki tatu zilizopita, na faini ilikuwa pauni elfu moja. Makopo yaliruhusiwa. Kila jioni ungewaona watu wamejipanga kwenye bustani zao na makopo, wakiwa na nyuso za watu wanaopigania nchi.

Lakini mwenye kadi ya buluu, ile wanayopewa walemavu kwa ajili ya kuegeshea gari, kampuni ilimruhusu atumie mpira kwenye bustani ya nyumbani kwake. Hazel alikuwa amepiga simu, msichana wa kampuni akaandika jina la Malcolm na kusema hakuna shida kabisa, mama, mwagilieni tu. Kadi yenyewe ilikaa kwenye droo ya soksi. Malcolm hakukubali hata iwekwe kwenye kioo cha gari.

Na bustani ya nyuma ya nyumba ile haikupata jua. Kwa hiyo maharage ya Malcolm, safu mbili zilizopanda kwenye mianzi mirefu kuliko mtu, yalioteshwa upande wa barabara, machoni pa kila apitaye. Alipeleka maharage kwenye maonyesho ya kijiji miaka thelathini. Mwaka huu mbegu ishirini na nne zilimchukua asubuhi nzima kuzifukia, kwa sababu vidole vilizitupa kabla hajaziachia. Alizifukia zote. Sasa yalikuwa yametoa maua mekundu, na maharage ya aina ile yakikosa maji wakati wa maua, maua hudondoka na mwaka umekwisha. Maonyesho yalikuwa yamebakiza siku kumi na moja.

*

Siku ya pili yake Hazel alikwenda dukani kununua mkate na stempu. Kulikuwa na watu watatu kwenye foleni: mzee mmoja mwenye mbwa, mke wa fundi bomba, na Pauline Akehurst mwenyewe, mrefu, kofia ya majani kichwani.

"Karibu, Hazel," alisema Dawn, mwenye duka. "Joto halikusumbui?"

"Limsumbue vipi?" alisema mzee mwenye mbwa. "Kwake yeye ni masika."

Mke wa fundi bomba akacheka. "Muulize kama tunaweza kuja kuogelea. Nitakuja na taulo langu."

"Mimi nitamleta mbwa. Naye ana kiu, masikini."

Hazel alitabasamu. Alijua kutabasamu kule kulikuwa kosa, maana mtu asiye na hatia hukasirika. Alimtazama Pauline. Pauline hakucheka. Alikuwa ameshika mkate, anasoma maandishi ya kwenye mfuko wake kwa bidii, mstari kwa mstari, kama mtu aliyepewa hukumu aisome mahakamani.

"Mvua itakuja tu," alisema Hazel.

"Ikija," alisema mzee, "mtakuwa mmeshaimaliza."

Dawn alimhesabia stempu zake. Halafu, ingawa foleni ilikuwa imeongezeka, akatoka nyuma ya meza akaenda kumfungulia mlango, akaushika mpaka Hazel akapita na kikapu chake. Mlango ule haukuwa mzito, na Hazel hakujua kama ni wema au ni kutolewa nje. Hazel alifika nyumbani na ule mlango ndio aliokuwa akiufikiria, kuliko maneno ya foleni.

*

Jioni ile alikuja Bwana Strudwick, mwenyekiti wa chama cha bustani. Alikuwa mtu mnene, mwenye haya, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, na alisimama kwenye kibaraza akigeuza kofia mikononi kama anaitafutia upande wa mbele.

"Ingia, Graham. Chai iko tayari."

"Hapana, hapana, asante. Sikai." Akaitazama kofia. "Hazel, ni kuhusu chai. Ya siku ya maonyesho. Kamati imeona, yaani tumefikiri, umefanya kazi miaka mingi. Labda mwaka huu ungependa kupumzika."

"Nani kasema nimechoka?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi mnanipumzisha kwa nini?"

Bwana Strudwick akageuka kidogo, akayatazama maharage, akarudisha macho haraka kama aliyechungulia chumbani kwa mtu. Udongo chini ya mianzi ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Kila mahali pengine barabarani ulikuwa umepasuka.

"Watu wanasema," alisema. "Mimi sisemi. Lakini ukimpa mtu kikombe cha chai, na yeye amebeba makopo kumi na manne jana yake, unaelewa. Pauline amekubali kuishika chai."

"Pauline."

"Na kuna jambo jingine. Kesho saa moja jioni tuna mkutano ukumbini. Kuna hoja kwamba mboga iliyomwagiliwa kwa mpira wakati wa marufuku isikubaliwe mezani. Ni kwa wote, si kwa mtu mmoja."

"Kwani watu wangapi wana mpira, Graham?"

Akavaa kofia, akaivua tena. "Ningependa kumsikia Malcolm mwenyewe. Lakini tangu akatae kuandika kadi za kuweka mezani siku ya maonyesho, hata simu hapokei. Miaka ishirini ametuandikia zile kadi. Mwaka huu anasema hana nafasi! Mtu aliyestaafu! Watu wameumia, Hazel. Wanasema anajiona."

Malcolm alikuwa nyuma ya mlango wa sebule, hatua tatu tu kutoka pale. Hazel alijua. Alisikia ubao wa sakafu ukilia chini ya mguu wake. Maneno yalimjia mpaka kwenye meno: hawezi, Graham, hawezi hata kuandika jina lake kwenye hundi. Angeyatoa, angepona. Alimeza.

"Nitamwambia ulipita," alisema.

Bwana Strudwick aliteremka ngazi. Kwenye geti akasita, akainama, akaokota mwanzi mmoja uliokuwa umeanguka njiani, akauegemeza vizuri kwenye uzio usije ukamkwaza mtu. Kisha akaenda zake.

Hazel akafungua mlango wa sebule. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wanasema unajiona."

"Waseme. Afadhali hilo."

"Afadhali kwako," alisema Hazel. "Wewe hutoki nje."

*

Alhamisi asubuhi hakuutoa mpira. Aliamka saa kumi na moja na nusu, akaoga kwa maji kidogo, na yale maji ya kwenye hodhi akaanza kuyachota kwa ndoo. Bafu lilikuwa ghorofani. Ngazi zilikuwa kumi na tatu, zina zulia la rangi ya zabibu, kisha korido, kisha mlango wa mbele, kisha vipandio viwili vya mawe. Alikuwa na miaka sabini na moja na bega lililofanyiwa upasuaji.

Ndoo ya kwanza alimwaga kidogo kwenye zulia. Ya pili hakumwaga. Ya tatu Malcolm alitokea juu ya ngazi na nguo za kulalia.

"Unafanya nini?"

"Naona haya," alisema Hazel. "Si ndivyo walivyotaka?"

"Weka chini hiyo ndoo. Tumeruhusiwa mpira."

"Tumeruhusiwa kwa siri, Mal. Ruhusa ya siri ni sawa na wizi tu. Nenda kalale."

"Nipe mimi."

Alishika mpini. Ndoo ikaanza kucheza, kwanza polepole, halafu kama ndoo iliyofungwa kwenye injini ya trekta. Maji yakaruka kwenye ukuta, kwenye picha ya harusi ya binti yao, kwenye miguu yao wote wawili. Hazel akamnyang'anya. Walisimama pale wamelowa, hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Haya," alisema Hazel kwa upole. "Basi nishikie mlango."

Malcolm akateremka akashika mlango. Lakini aliusikia mlango wa ng'ambo ya barabara ukifunguliwa, na mtu akikohoa, na kwa mazoea ya miezi sita akarudi nyuma, akajificha kwenye stoo ya viatu. Mlango alioushika ukajirudi. Ulimgonga Hazel begani akiwa ameinua mguu kushuka kipandio cha kwanza.

Alianguka kiubavu. Ndoo ilibingirika mpaka getini.

Aliyekohoa alikuwa Pauline. Alivuka barabara mbio akiwa na viatu vya mpira na kanzu ya kulalia ya maua, na alikuwa amepiga magoti kabla Hazel hajajua kama ameumia.

"Usiinuke. Sogeza vidole. Vyote? Na huu mkono?"

"Unauma."

"Haujavunjika. Ungekuwa umevunjika, ningeugusa tu ungepiga kelele kijiji kizima kiamke." Pauline alikuwa muuguzi zamani. "Kaa hapo hapo." Akavuka tena barabara, akarudi na pakiti ya njegere za barafu iliyofungwa kwa taulo la jikoni, akaibana kwenye kifundo cha mkono. Walikaa kwenye vipandio vya mawe, bega kwa bega. Jua lilikuwa limeanza kuwaka juu ya paa la kanisa.

"Nani kakwambia ubebe ndoo?" alisema Pauline mwishowe.

Hazel alimtazama. "Kweli unaniuliza?"

Pauline akazisogeza njegere. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mimi nilidhani mtatumia kopo," alisema. "Kopo dogo. Sikusema ujiue kwa ndoo ya kutoka ghorofani."

"Nina bega."

"Najua una bega, nililifunga mimi." Halafu hasira yake ikapata mahali pa kwenda. "Na huyo mumeo yuko wapi? Eh? Nimemwona Malcolm mara ngapi tangu Pasaka? Mara mbili! Anakaa humo ndani kama sultani, wewe unavuta mpira, wewe unabeba ndoo, wewe ndiye unayechekwa dukani. Nilikutetea, Hazel. Niliwaambia kama ni aibu, ni ya yule mzee mvivu."

Hazel aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Usimtetee," alisema Pauline. "Mwanamume anayemwacha mkewe aanguke na ndoo na hatoki hata kuchungulia! Mbwa wa yule mzee ana adabu kuliko yeye."

Nyuma ya ubao mwembamba wa stoo, katikati ya makoti na viatu vya mvua ambavyo havikuwa na kazi mwaka ule, Malcolm Pilbeam alisikia kila neno. Alikuwa ameushikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto. Alisubiri Hazel aseme. Alitaka, kwa mara ya kwanza, Hazel avunje ahadi. Hazel hakuivunja.

"Asante kwa njegere," alimsikia akisema tu. "Nitakurudishia pakiti."

Pauline alipoondoka, Malcolm alitoka stoo. Alitoa bendeji kwenye sanduku la dawa, akajaribu kumfunga. Bendeji ilimponyoka ikabingirika chini ya meza. Akaiokota, akajaribu tena. Mara ya tatu Hazel alishika ncha moja kwa meno, yeye akazungusha, na kwa namna ile, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa mikono isiyotulia, walifunga kifundo. Kilifungwa vibaya sana.

"Kama zawadi ya Krismasi iliyofungwa na mtoto," alisema Hazel.

Malcolm hakucheka. "Mkutano ni saa ngapi?"

"Saa moja."

"Nitolee shati la buluu. Vifungo utanisaidia."

*

Ukumbi ulikuwa na joto na harufu ya vumbi la mapazia. Watu walikuwa kama ishirini na tano, wengi wao wazee, wanajipepea kwa karatasi za ajenda. Akina Pilbeam walipoingia mazungumzo yalipungua, halafu yakaendelea kwa sauti ya chini zaidi. Watu waliitazama bendeji ya Hazel. Wawili watatu walimpa Malcolm salamu ya kichwa, ile fupi.

Pale Pellingfold hakuna mkutano bila chai, na chai hutolewa kwanza. Pauline alikuwa kwenye dirisha la jikoni la ukumbi, anamimina kutoka kwenye birika kubwa la bati, kwenye vile vikombe vya kijani vyenye visahani ambavyo kila mtu amevishika tangu utotoni. Wengine walichukua chao wakaenda kuketi. Hazel alielekea dirishani kama kawaida yake, achukue viwili.

"Kaa," alisema Malcolm. "Changu nakichukua mwenyewe."

"Mal. Kisahani hicho."

"Najua."

Akaenda dirishani. Pauline alimwekea kikombe mbele bila kumsalimu, kimejaa mpaka juu kama wanavyojaziwa watu ambao hutaki warudi. Malcolm akanyoosha mkono wa kulia. Angeweza kutumia mikono miwili. Angeweza kuacha kisahani. Alikishika kisahani kwa mkono wa kulia peke yake, akageuka, akaanza kutembea.

Kikombe kikaanza kugongana na kisahani. Mwanzo kilikuwa kama kijiko kinakoroga mahali fulani mbali. Alipofika katikati ya ukumbi kilikuwa kinapiga kelele kama droo ya vijiko inayovutwa kwa nguvu, na hakikuacha. Watu wa nyuma waligeuka. Wa mbele waliacha kujipepea. Chai ilimwagika kwenye kisahani, kisahani kikajaa, ikamwagika kwenye mkono wa shati la buluu, ikadondoka kwenye kiatu. Hazel alikuwa ameukunja mkono wake mzima mpaka kucha zikaingia kiganjani. Hakuinuka. Hatua zilikuwa kumi na sita.

Malcolm alifika kwenye kiti cha mbele, akakiweka kikombe mezani kwa Bwana Strudwick, juu ya ajenda.

"Kelele mliyoisikia ni mimi," alisema. Hakuwa mtu wa hotuba na alisema akiitazama meza. "Ni Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Nimeambiwa mwezi wa pili. Kadi siandiki kwa sababu siwezi kuandika, Graham. Simu sipokei kwa sababu inaniponyoka. Ndoo sibebi, uulizeni ukuta wangu wa ngazi. Mpira tumeruhusiwa na kampuni kwa sababu nina kadi ya walemavu, nayo iko kwenye droo ya soksi kwa kuwa niliona aibu. Mke wangu alitaka kuwaambia siku ya kwanza. Mimi nilimfunga mdomo. Leo asubuhi alianguka, nami nilikuwa nimejificha na viatu. Mkitaka kumcheka mtu dukani, nichekeni mimi."

Akaketi. Kiti kikalia.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mke wa fundi bomba alikuwa anakitafuta kitu kwenye mkoba wake, hakipatikani. Mzee mwenye mbwa alikuwa amevua kofia, ukumbini, kama yuko kanisani. Hazel aliziona zile nyuso zikianza kulainika, zikipata ule upole, na alijua Malcolm naye anaziona. Ndiyo, Malcolm. Sawa, Malcolm.

"Basi," alianza Bwana Strudwick, "kwa niaba ya wote, Malcolm, napenda kusema tunasikitika mno—"

"Si ungetuambia, we mzee mpumbavu!"

Ilikuwa sauti ya Pauline, kutoka dirisha la jikoni. Alikuwa ameegemea mbele mpaka nusu ya mwili iko nje, ameshika kitambaa cha vyombo. Mtu mmoja alisema, "Pauline, jamani," na Pauline akasema, "Jamani nini? Miezi sita! Mke wake anatukanwa, na yeye amekaa na droo ya soksi! Anatetemeka mkono, hatetemeki ulimi!"

Malcolm aligeuka kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Na wewe si ungegonga mlango," alisema, "badala ya kuandika kwa mkono wa kushoto!"

Pauline akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Nani kasema ni mimi?"

"K yako imesema. Inapiga watu teke tangu mwaka themanini na tatu. Nilikwambia uirekebishe, hukusikia."

"K yangu haina kasoro."

"Iko kama mlevi ametoka baa."

Mzee mwenye mbwa alikuwa wa kwanza kucheka, halafu ukumbi wote, kicheko kirefu cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Bwana Strudwick alichukua ajenda iliyolowa, akaifuta hoja ya tatu kwa kalamu, mistari miwili, na hakuuliza kama kuna anayepinga.

Pauline akatoka jikoni. Aliinama akafuta kiatu cha Malcolm kwa kile kitambaa, kwa haraka na bila upole wowote, kama anafuta meza. Akachukua kikombe chake. Alipokirudisha kilikuwa na chai nusu, na hakusema kwa nini ni nusu. Kisha akaketi kando ya Hazel, akaifungua ile bendeji, akaikagua.

"Nani kafunga uchafu huu?"

"Sisi," alisema Hazel.

"Inaonekana." Akaanza kuifunga upya. Hakuomba radhi, wala Hazel hakumngojea aombe. Lakini alipomaliza hakuuachia mkono. Aliushika mapajani mwake mpaka mkutano ukaisha.

Mlangoni Bwana Strudwick aliwafuata, anageuza kofia. "Hazel, ile chai ya maonyesho. Kama ungependa kurudi."

Hazel akamwonyesha bendeji. "Sasa ndiyo nimechoka, Graham. Wewe utamimina, Pauline atakusimamia."

*

Asubuhi ya Ijumaa Malcolm alitoka nje mwenyewe. Ilimchukua muda kuuvuta mpira kutoka kwenye ndoano yake, na muda mwingine kuupachika kwenye bomba, na Hazel alimtazama kutoka dirisha la jikoni bila kutoka kwenda kumsaidia. Kadi ya buluu ilikuwa kwenye kioo cha gari. Mtu mmoja alipita na baiskeli, akasema habari za asubuhi kwa sauti ya upole mno, na Malcolm akaijibu kwa mguno. Sauti za namna ile zitakuwapo, hilo alijua.

Maji yalitoka. Mkono wake ulitetemeka, mpira nao ukatetemeka, na maji badala ya kwenda mstari mmoja yalitawanyika kwa upana juu ya safu ya kwanza, madogo madogo, yakaingia ndani ya majani na kwenye maua mekundu.

"Unapoteza!"

Pauline alikuwa ng'ambo ya barabara, kopo mkononi, kofia ya majani kichwani.

"Kwenye mizizi, Malcolm! Juu huko unamwagilia hewa!"

"Nimelima maharage haya kabla hujajua jamu!"

"Na umekuwa ukiyamwagilia vibaya muda wote huo?" Akavuka, akasimama kwenye uzio. Aliutazama mpira, halafu maua yake yaliyonyauka kule ng'ambo, halafu mpira tena. "Hivi huo unafika mpaka kwangu?"

"Unafika."

"Basi nirushie kidogo. Nani ataona?"

"Ruhusa ni ya bustani yangu peke yake. Faini pauni elfu."

"Kwa jirani?"

"Hata kwa jirani."

"Una roho mbaya wewe," alisema Pauline.

"Kabebe makopo yako, mama."

Hazel, dirishani, aliacha sahani kwenye maji akasikiliza. Pauline hakuondoka. Aliweka kopo chini, akaegemea uzio kwa viwiko vyote viwili, na kuanza kumweleza Malcolm, kwa sauti iliyosikika mpaka kanisani, kila kitu alichokuwa akikosea katika safu ya kwanza, na Malcolm akamjibu neno kwa neno mpaka akafika mwisho wa safu ya pili.